Chumba cha gofu ya ndani Arusha: tuanzie wapi ili kila mtu aweze kucheza?

Mkazi wa Njiro
Ndugu wanajukwaa, salaam. Kila masika, kuanzia Machi hadi Mei, viwanja vya gofu vya Arusha na Moshi hulowa kiasi kwamba watoto ninaowafundisha hukaa muda mrefu bila kushika fimbo, na wanaporejea huwa wamesahau hata namna ya kusimama. Nimepata ghala la kukodi lenye dari ya mita tatu na nusu. Je, ninunue mashine ya skrini, au ipo njia nyepesi itakayowafaa pia wasio wanachama wa klabu?

Fundi wa Sakina
Dari hiyo inatosha, kwa kuwa mtu mzima akizungusha fimbo ndefu kuliko zote huhitaji takriban mita tatu. Upana nao ufike mita nne na nusu, ili anayepiga kwa mkono wa kushoto asiogope ukuta. Kazi ya mashine ni hesabu: rada au kamera hupima kasi ya mpira, pembe ya kuondokea na jinsi unavyojizungusha, kisha programu hukokotoa ungeangukia wapi na projekta huonyesha safari hiyo kwenye skrini. Rada hutaka kuufuatilia mpira ukiruka, hivyo katika chumba kifupi kamera hufaa zaidi. Usisahau betri na inveta, maana umeme ukikatika mchezo umekwisha.

Dada wa Majengo, Moshi
Mwalimu, ningekuomba uanze na wavu, mkeka na kapeti ndefu ya kusukumia mpira shimoni. Shimo lina kipenyo cha milimita 108 popote duniani, na mtoto hujifunza kulilenga bila mashine yoyote. Korea Kusini, ambako gofu ya skrini imeenea sana, mtu hulipia mchezo wake na kukuta fimbo palepale bila kudaiwa uanachama. Hilo ndilo la kuiga. Mdogo wangu hutumia kiti cha magurudumu, na akikuta ngazi mlangoni atarudi nyumbani, hata skrini iwe nzuri namna gani. Tafadhali jenga njia ya mteremko.

Mkazi wa Njiro
Nawashukuru sana. Mlango una ngazi mbili, kwa hiyo nitaanza na mteremko, kisha wavu na kapeti, kamera itasubiri. Mwenye fimbo za watoto zisizotumika anijulishe, kwani fimbo za watu wazima, hata zikikatwa, hubaki nzito na ngumu kwa mtoto.