Simu kutoka Marekani na kampuni ya kusajili laini kijijini

Mhamiaji Mbinga
Ndugu zangu, habari za kazi. Dada yangu anayeishi Marekani ananiletea simu ya 4G aliyokuwa akiitumia kwenye mtandao wa Verizon, nami ninahamia kijiji kimoja wilayani Mbinga kufundisha. Kabla sijasajili laini, naomba kueleweshwa aina za mitandao zinavyotofautiana na kigezo cha kuchagulia kampuni, kwa kuwa matangazo yote yanaahidi 4G.

Fundi Laini
Anza na simu yenyewe. Verizon ilijengwa juu ya teknolojia ya CDMA, ambayo iliizima mwishoni mwa 2022, ilhali kampuni zetu hutumia GSM (yaani 2G, isiyopatana na CDMA) pamoja na 3G na 4G zilizofuatia. Hata simu ya 4G yaweza kukwama kwenye masafa, yaani mawimbi ya redio inayoweza kuyapokea, kwa sababu baadhi ya simu za bei nafuu za soko la Marekani hutegemea megahezi 700 na 1700, wakati hapa 800 na 1800 ni miongoni mwa masafa ya 4G. Mwombe dada asome namba kamili ya modeli, kisha atazame kama bendi ya 3 (ndiyo 1800) na ya 20 (ndiyo 800) zimo. Ahakikishe pia kwamba simu haijafungwa kwa kampuni moja, na kama imefungwa, ifunguliwe akiwa bado huko.

Mwalimu wa Vilimani
Mimi ninafundisha mkoani Ruvuma, na kwa maoni yangu kijijini 4G si jambo la kwanza. Menyu ya kutuma pesa kwa kupiga namba ya nyota hufanya kazi hata kwenye 2G, na simu isiyo na VoLTE, yaani uwezo wa kupiga simu kupitia 4G yenyewe, hushuka kwenye 3G au 2G kila unapopiga, kwa hiyo 2G isiyokatika ina thamani kubwa. Mawimbi ya masafa ya chini, kama 800 na 900, hufika mbali na kupenya kuta kuliko yale ya 1800 na 2100. Ndiyo maana laini mbili zaweza kuonyesha 4G barabarani, kisha moja ikapotea ukiingia ndani. Waulize walimu wenzako ni laini ipi inayoshika ndani ya nyumba zao.

Mhamiaji Mbinga
Nashukuru sana. Na nikigundua baadaye kwamba nimechagua vibaya?

Fundi Laini
Tangu 2017 unaweza kuhamia kampuni nyingine ukabaki na namba yako ileile. Maliza kwanza salio na bando, kwani havihami pamoja nawe.