Tupeane uzoefu: misheni za pembeni za San Andreas ulizozikamilisha na faida uliyoipata

Mleta mada

Ndugu wanachama, salaam. Tangu mchezo wa video wa GTA San Andreas ulipotoka mwaka 2004 kwenye PlayStation 2, mazungumzo mengi yamekuwa juu ya hadithi kuu ya Carl Johnson, yaani CJ, na wenzake wa genge la Grove Street. Ni hadithi nzuri, sina neno nayo. Hata hivyo, ramani ya miji ya Los Santos, San Fierro na Las Venturas imejaa kazi za hiari, na nina imani kubwa kwamba mchezaji anayezisubirisha mpaka amalize hadithi hujinyima msaada wakati ule ule anaouhitaji. Zawadi za kazi hizi ni za kudumu, na ladha yake huonekana ukizipata mapema. Naomba kila aliyewahi kukamilisha mojawapo atueleze ilikuwa ipi, aliifanyaje na ilimsaidia nini.

Naanza na gari la wagonjwa. Ukishaingia ndani yake unabonyeza kitufe cha R3 kwenye padi, au namba 2 kwa wanaotumia kompyuta, na wagonjwa wanaanza kuonekana kwenye ramani: mmoja hatua ya kwanza, wawili hatua ya pili, hivyo hivyo mpaka 12 katika hatua ya 12, jumla wagonjwa 78. Gari linabeba watatu tu kwa safari moja, muda unakwenda, na kila ukigonga kitu hali ya waliomo ndani inazidi kuwa mbaya. Ndiyo maana sikuifanyia mjini. Mara tu Tenpenny, yule polisi fisadi, alipomtupa CJ huko mashambani, niliiweka hadithi kando nikaenda Angel Pine, mji mdogo ulio chini ya Mlima Chiliad, ambako kuna hospitali yenye gari lake, barabara hazina foleni na kona unazizoea upesi. Ukimaliza hatua ya 12, mstari wa afya unarefuka mpaka kikomo chake. Nilipofika San Fierro na risasi zikaanza kupigwa kweli kweli, niliona wazi kwamba jioni ile ya kubeba wagonjwa haikupotea bure.

Mwana wa Ngamiani

Ahsante mleta mada. Sisi wa Tanga tuliochezea vibandani, kwa kulipia muda na huku wenzako wamesimama nyuma wakingoja zamu, tulizipenda kazi hizi kwa sababu nyingine kabisa. Misheni ya hadithi ikikatika katikati kwa kuwa muda umekwisha, hujapata kitu. Teksi haiko hivyo. Abiria wanaotakiwa ni 50, lakini si lazima uwabebe mfululizo, kwa hiyo aliyekuwa na memori kadi yake mwenyewe aliweza kubeba wachache leo, akahifadhi, akaendelea siku nyingine. Akifikisha 50, kila teksi atakayopanda inakuwa na naitro ya kuongeza kasi na inaweza kuruka juu. Mimi teksi ndiyo iliyonifundisha Los Santos. Nilijua njia ya kutoka Ganton mpaka ufukweni bila kutazama ramani, na misheni za kufukuzana ziliponifikia sikuwa mgeni tena.

Kazi niliyoipenda zaidi lakini ni ya wizi wa usiku. Baada ya misheni ya Ryder, rafiki wa CJ, ya kuvamia nyumba, unatafuta lile gari jeusi la mizigo la Boxville kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Kwa kuwa dakika moja ya mchezo ni sekunde moja ya kwetu, usiku mzima ni dakika 10 tu. Ndani ya nyumba kuna kipimo cha kelele: ukitembea wima kinapanda, ukichuchumaa kinatulia. Unamwona CJ ameikumbatia televisheni, anakwenda polepole kuelekea mlangoni, mwenye nyumba amelala chumba cha pili, na wewe unayeshika padi umebana pumzi. Vitu visipofika ghalani kabla ya saa 12, kazi ya usiku huo haihesabiki. Ukifikisha jumla ya dola 10,000, CJ hachoki tena kukimbia, na zawadi hiyo naiweka juu ya zote.

Binti Kisauni

Nakubaliana nanyi kuhusu kuwahi, ila kuna misheni moja ambayo mimi nashauri isubiri: ile ya polisi. Kwa gari la kawaida la polisi, kuwafukuza wahalifu mpaka hatua ya 12 ni kazi ngumu sana, kwani magari yanaongezeka nao wanakujibu kwa risasi. Shule ya urubani ya Verdant Meadows ni lazima kwa hadithi, na medali za shaba zinatosha kukupitisha. Rudia majaribio mpaka upate dhahabu yote, kwa sababu zawadi ya dhahabu ni helikopta ya kivita ya Hunter. Wengi hawajui kwamba misheni za polisi zinaanzishwa ukiwa ndani ya Hunter vilevile. Unakaa juu, unamsubiri mhalifu atoke kwenye msongamano, kisha unapiga. Jihadharini tu na raia, maana roketi ikiwapata, nyota za kusakwa na polisi zinaanza kupanda. Hatua ya 12 inakupa kinga ya mwili ya 150 badala ya 100. Zimamoto nayo hatua ni 12, na baada yake moto haukudhuru.

Mkongwe wa Padi

Michoro 100 ya ukutani ya Los Santos inastahili jasho lake, kwani ukiipulizia rangi yote, jikoni kwa akina Johnson kunawekwa AK-47, Tec-9, bunduki fupi na chupa za moto, na unazirudia bure kila ukitaka. Mchezaji wa sura ya kwanza, ambaye bado hana fedha, atapata nini kizuri zaidi ya hicho? Chaza 50 wa majini sitawatetea. Ni kuogelea kwingi kwa faida ndogo.

Binti Kisauni

Mkuu, na misheni za Zero, yule mwenye duka la vifaa vya rimoti San Fierro, je? Nazo ni za hiari, lakini ile ya kandege ka rimoti inanishinda.

Mkongwe wa Padi

Dada, usiiache. Adui katika misheni ile ni mafuta kuliko wale wasafirishaji watano wa mpinzani wa Zero unaotakiwa kuwamaliza. Usimfuate mmoja kwa kumzunguka, kwa maana kila mzunguko unakula mafuta ambayo utayahitaji kurudi juu ya paa la duka, na usiporudi misheni imefeli hata kama umewamaliza wote. Panda juu kwanza, jipange nyuma yake barabara inaponyooka, shuka ukipiga risasi fupi fupi, na ukimkosa nenda kwa aliye karibu kabla ya kumrudia.