Wapishi wawili, bei mbili tofauti, vyakula vilevile: tuchague vipi watoa huduma wa tafrija ya ndoa?

MtarajiwaWaNdoa

Habari zenu wanajukwaa. Mimi na mchumba wangu tumekwisha kuweka tarehe na kulipia ukumbi wa tafrija, na sasa tumefika mahali ambapo kila uamuzi unasubiri mwingine. Tunatarajia wageni 220, watoto kama 30 wakiwa miongoni mwao. Wapishi wawili wametuletea makadirio ya bei. Wa kwanza anatoza kiasi fulani kwa kila mgeni, na wa pili anatoza kiasi hicho mara moja na nusu, ilhali vyakula walivyoorodhesha ni karibu vilevile: nyama ya ng'ombe, kuku, samaki, wali, viazi vya kukaanga, mboga aina mbili, saladi na matunda. Wazazi wanatushauri tumchukue wa bei nafuu kwa hoja kwamba wali ni wali, apike yeyote. Mchumba wangu anamtaka wa pili kwa sababu siku ya kuonja alituridhisha zaidi.

Naomba kufahamu tofauti kubwa namna hii hutokana na nini, na kama ni afadhali wageni wajihudumie au waletewe chakula mezani. Vilevile bado hatujampata mpiga picha, mpambaji, mshereheshaji wala mtu wa muziki, na kila tunayezungumza naye anadai malipo ya awali. Tuanze na nani, na tutangulize kiasi gani? Niongeze kwamba wapo wageni wasiokula nyama, na mtoto mmoja ana mzio wa karanga.

MpishiWaShughuli

Hongereni, dada. Kabla ya kusema nani ghali na nani rahisi, waombeni wote wawili waandike upya makadirio yao kwa kutenganisha kila kitu: chakula chenyewe, usafiri, wahudumu, sahani na bilauri, vitambaa vya meza, barafu, maji ya kunywa, uoshaji wa vyombo, kodi, na malipo ya saa za ziada iwapo sherehe itachelewa. Mara nyingi bei nafuu huishia mlangoni mwa jiko, yaani chakula kimepikwa, lakini wa kukipakua, sahani za kukilia na mtu wa kukusanya vyombo vinahesabiwa kando. Ukijumlisha hayo, pengo linaweza kupungua au hata kugeuka.

Baada ya hapo, ulizeni uzito. Neno "nyama" katika karatasi halisemi chochote. Nyama inapoiva hupoteza takriban robo ya uzito wake, kwa hiyo gramu 150 za nyama iliyoiva zinahitaji gramu 200 hivi za nyama mbichi isiyo na mfupa. Kwa wageni 220 hizo ni kilo 44, kabla hata mmoja hajarudi kuongeza. Mpishi anayeandika "gramu 150" bila kueleza kama ni mbichi au iliyoiva, ni pamoja na mfupa au bila mfupa, amejiachia nafasi ya kupunguza bila kuonekana kuwa amevunja makubaliano. Sisemi kwamba wa bei nafuu ndivyo anavyofanya. Nasema muulizeni, na jibu lake liingie kwenye karatasi.

Kuhusu kujihudumia, wengi huamini kwamba ni rahisi zaidi, na kwa upande wa wahudumu ni kweli, kwa maana mhudumu mmoja anaweza kuangalia wageni 25 hadi 30, wakati chakula cha kuletewa mezani kinadai mmoja kwa wageni 10 hadi 15. Lakini kwenye kujihudumia mpishi lazima apike zaidi, kwa sababu mgeni hupimiwa na jicho lake mwenyewe. Kibaya zaidi ni foleni. Chukulia kila mgeni anatumia nusu dakika mbele ya vyakula. Mkiwa na mstari mmoja, wageni 220 watamaliza baada ya dakika 110, na meza ya mwisho itaitwa wakati meza ya kwanza imekwisha kula matunda na inatafuta viatu vya kuchezea muziki. Mkiiweka meza ya chakula katikati ili watu wapite pande zote mbili, muda unashuka hadi dakika 55. Mkiwa na meza mbili za namna hiyo, ni chini ya nusu saa. Basi msimuulize mpishi tu kama anatoa huduma ya kujihudumia, muulizeni ataweka mistari mingapi na ana vyombo vya kutosha mistari yote.

Mwisho kwa sasa, punguzeni orodha. Mgeni akikuta nyama ya ng'ombe, kuku na samaki hachagui kimoja, anachukua vyote vitatu, tena vipande vikubwa. Ningekuwa ninyi ningeondoa samaki, kwa kuwa akikaa kwenye chombo cha moto hukauka na kuvunjika, na ningeondoa viazi vya kukaanga bila kusita. Kiazi kilichotoka kwenye mafuta kikiwa na ngozi ngumu kinafunikwa, mvuke unapanda, unagonga kifuniko, unarudi kama matone, na baada ya robo saa mnachopakua ni kitu laini kinachopinda kwenye uma. Viazi vya kuoka au vya mchuzi huvumilia kusubiri. Nyama iliyopikwa polepole kwenye mchuzi nayo huvumilia, na kwa maoni yangu huwa bora zaidi baada ya kutulia.

MratibuWaSherehe

Nakubaliana na mwenzangu kuhusu hesabu ya foleni, ila napenda kupinga kidogo uzito ambao watu huupa kuonja. Siku ya kuonja mpishi anapikia watu wanne, anatumia sufuria ndogo, na chakula kinatoka jikoni moja kwa moja hadi mezani. Siku ya tafrija anapikia 220, na chakula kinasafiri kisha kinasubiri hotuba. Hizo ni kazi mbili tofauti. Mkitaka kuonja kwa maana, mwombeni awawekee chakula kwenye vyombo vile vile atakavyotumia, kisha mkionje baada ya saa moja na nusu. Au mwombeni ruhusa ya kupita nyuma ya ukumbi katika shughuli nyingine anayoihudumia, mtazame jinsi watu wake wanavyofanya kazi chakula kinapoelekea kwisha. Anayejiamini hatakataa, mradi wenye shughuli hiyo waridhie.

Kuhusu nani aanze, kanuni ninayoifuata ni kumtafuta kwanza yule ambaye hawezi kuwa mahali pawili kwa siku moja. Mpiga picha mliyempenda kwa kazi zake na mshereheshaji mliyemsikia kwa masikio yenu huja wenyewe, na tarehe yao ikichukuliwa imechukuliwa. Mpishi mkuu naye yumo katika kundi hili kama anasimamia mwenyewe. Mpambaji na mtu wa muziki mara nyingi wana timu zaidi ya moja, hivyo wanaweza kufuata. Hata hivyo, wakati wa kuandikiana na mpiga picha au mshereheshaji, hakikisheni mkataba unataja kwamba ni yeye anayekuja, na unaeleza itakuwaje akiugua. Si jambo geni mtu kuonyeshwa picha za bwana mmoja na siku ya siku akaja kijana asiyemjua.

Mpambaji asipewe kazi kabla hamjajua meza. Meza ya duara yenye kipenyo cha meta 1.8 hukalisha watu 10, na ya meta 1.5 hukalisha 8. Kwa wageni wenu hiyo ni tofauti ya meza 22 na meza 28, na kila meza inayoongezeka ni kitambaa kimoja zaidi, pambo moja la katikati zaidi, na njia nyembamba zaidi ya kupita mhudumu aliyebeba sinia.

Kwa mtu wa muziki, muulizeni anahitaji umeme kiasi gani, halafu mpelekeeni jibu hilo msimamizi wa ukumbi pamoja na mahitaji ya mpishi. Birika moja kubwa la kuchemshia maji lenye wati 3,000, kwenye umeme wa volti 230, huvuta ampia 13 peke yake. Likichomekwa kwenye laini moja na spika na taa za mpambaji, umeme utakatika, na kwa uzoefu wangu hukatika baba wa bibi harusi akiwa ameshika kipaza sauti.

Malipo ya awali si jambo baya, kwani mtu anaifunga tarehe yake kwa ajili yenu. Kinachotakiwa ni malipo yafuatane na hatua: sehemu ya kwanza ya kuifunga tarehe, isiyozidi theluthi, ya pili mnapothibitisha idadi ya wageni, siku 7 hadi 10 kabla, na salio siku yenyewe, kazi ikiwa imeonekana. Kila malipo yawe na risiti.

MtarajiwaWaNdoa

Nawashukuru sana, mmetufungua macho. Nimewapigia wapishi wote wawili simu leo na nimepata mambo mawili ambayo sikuyajua. Bei ya yule wa kwanza kweli haihusishi wahudumu wala vyombo, na tukiviongeza tofauti inabaki ndogo. Lakini pia amesema ukumbi hauna jiko, kwa hiyo atapika kwake, atafikisha chakula saa sita mchana, na sisi tumepanga wageni wale saa tisa. Wa pili anakuja na majiko yake na kumalizia kupika nyuma ya ukumbi, ila anataka asilimia 70 ya malipo kwa kutanguliza. Wazazi bado wanasema tusiogope, chakula kitapashwa moto tu.

MkaguziWaAfya

Naomba niingie hapa kwa sababu saa tatu hizo zinanitia wasiwasi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wenye kanuni tano za chakula salama, ambao umekuwa ukitumika tangu mwaka 2001, unaelekeza kwamba chakula kilichopikwa kisiachwe kwenye joto la kawaida la chumba kwa zaidi ya saa 2, na kwamba hadi kuliwa kikae kwenye joto linalozidi nyuzi 60 za Selsiasi. Kinachopashwa upya kinapaswa kufika nyuzi 70 hadi katikati, si juu tu. Kwa hiyo swali la kumuuliza mpishi wa kwanza ni hili: kati ya saa sita na saa tisa chakula kitakuwa ndani ya nini, na nani atakipima kwa kipimajoto? Akiwa na masanduku yanayohifadhi joto na akaweza kuonyesha kwamba hakishuki chini ya nyuzi 60, hakuna ubaya. Akisema kitafunikwa kwa kitambaa kizito, mshukuruni na mtafute mwingine.

Kuhusu hoja ya wazee wetu, kwa heshima zote, wali ndio chakula ambacho ningekihofia mapema. Bakteria aitwaye Bacillus cereus huacha mbegu ambazo haziuawi na kuchemsha. Wali ukikaa vuguvugu, mbegu hizo huamka, bakteria huzaliana na kutoa sumu inayosababisha kutapika, na sumu hiyo haiondoki hata wali ukipashwa moto sawasawa. Ndiyo maana kupasha si dawa ya chakula kilichokaa vibaya.

Kwa mtoto mwenye mzio wa karanga, haitoshi kuomba chakula "kisicho na karanga". Ulizeni mafuta ya kukaangia ni ya nini, mchuzi umekolezwa kwa nini, na keki ina unga wa njugu au la. Kisha sahani yake ipakuliwe jikoni kabla ya nyingine zote, kwa kijiko chake, ifunikwe na kuandikwa jina, kwa sababu mezani kijiko kimoja huzunguka vyombo vyote. Kwa orodha ya kuanzia, sheria za Umoja wa Ulaya zinavitaja viambato 14 vinavyosababisha mzio ambavyo muuzaji wa chakula lazima avitaje. Mpishi mzuri akisomewa orodha hiyo atawajibu chakula kimoja kimoja bila kuona kwamba anasumbuliwa. Wasiokula nyama nao wahakikishiwe kwamba mboga na wali wao havikupikwa kwa supu ya nyama.

MpishiWaShughuli

Narudi kwa habari ya ile asilimia 70. Hilo ni kubwa, lakini lina sababu yake: anayepikia pale pale hununua karibu kila kitu siku chache kabla, na mfuko wake haubebi wageni 220. Mpendekezeeni theluthi sasa, theluthi siku ya kuthibitisha idadi, ambayo ndiyo atakayoendea sokoni, na theluthi ya mwisho wageni wakishakula. Akikataa kabisa, pendekezeni mnunue nyama na mchele ninyi wenyewe kwa orodha yake, naye alipwe kazi. Wapishi wengi watakubali moja kati ya hayo mawili. Zungumzeni naye kabla hamjamjibu wa kwanza.

Mkifika kwenye mkataba, andikeni pia saa ambayo majiko yake yatawasili, maji atayachota wapi, na kwamba msimamizi wa ukumbi ameruhusu moto nyuma ya jengo, kwa maandishi. Wahesabuni mpiga picha, mshereheshaji, watu wa muziki na wapambaji katika idadi ya watakaokula, maana hao huwa hapo tangu asubuhi, na mpishi ambaye hakuambiwa kuhusu watu 12 wa ziada atawatoa kwenye chombo cha wageni wenu. Jambo jingine ambalo huleta maneno usiku ni masazo: kubalianeni mapema kama ni yenu au ni yake. Kama ni yenu, yachukuliwe yale tu yaliyobaki jikoni yakiwa moto, na yaingie kwenye jokofu usiku huo huo. Yaliyokaa kwenye meza ya kujihudumia tangu saa tisa yamwagwe.