Mtoto wa miezi minne analetwa kituoni na chupa ya uji: tufanye nini?

Mlezi wa Isevya (Tabora Mjini)

Habari zenu ndugu zangu. Ninasimamia kituo cha kulelea watoto mchana hapa Isevya, na chumba cha wachanga ndicho kinachoninyima usingizi. Wengi wanaotuletea watoto wa chini ya miezi sita ni waajiriwa waliomaliza likizo ya uzazi pamoja na akina mama wa sokoni. Asubuhi hukabidhi mtoto na chupa ya uji mwepesi wa mahindi uliotiwa asali, wakisema maziwa yao hayamtoshi. Walezi wangu wanajua kuwa umri huo ni wa maziwa ya mama peke yake, lakini mama akishaondoka na mtoto akaanza kulia, kilichopo mezani ni chupa ile ile. Tukiukataa uji tunaonekana tunamnyima mtoto chakula. Wapo pia waliokwisha kuvuka miezi sita, ambao hushinda na uji huo huo hadi jioni. Naomba ushauri wa utaratibu ambao wazazi wataukubali bila kutuhamishia watoto.

Afisa Lishe Mstaafu

Dada Mlezi, nianze na asali, kwa kuwa hiyo haina mjadala. Hata ile ya msituni isiyochanganywa na kitu inaweza kubeba vijimbegu vya bakteria ambavyo, ndani ya utumbo wa mtoto asiyetimiza mwaka mmoja, huota na kutoa sumu inayolegeza misuli, na kuichemsha pamoja na uji hakuviui.

Kuhusu uji, waelezeni wazazi jinsi tatizo linavyojizalisha. Uji mwepesi sehemu yake kubwa ni maji. Hulijaza tumbo dogo la mtoto, mama akirudi jioni mtoto hanyonyi vya kutosha, na matiti yasiyonyonywa hupunguza kutengeneza maziwa. Baada ya wiki kadhaa mama anaposema maziwa hayatoshi, anasema kweli, ila uji ndio ulioyapunguza. Kwa hiyo msiishie kukataa uji, daini maziwa. Mama akamue nyumbani, aweke katika chombo safi chenye mfuniko, kibandikwe plasta yenye jina la mtoto na saa ya kukamuliwa, ili maziwa ya mama mmoja yasiende kwa mtoto wa mwingine. Katika joto lisilozidi nyuzi 25 maziwa hayo hukaa kwa muda usiozidi saa 4, lakini Tabora ya mwezi wa kumi hupita nyuzi 30, hivyo tumieni jokofu, au deli lenye barafu umeme unapokatika. Yapasheni kwa kukiweka chombo ndani ya maji ya vuguvugu, msiyachemshe.

Chupa ziachwe, kwa sababu chuchu yake ni ngumu kusafisha. Mtoto apakatwe akiwa wima, ukingo wa kikombe kidogo uguse mdomo wake wa chini, kikombe kiinamishwe hadi maziwa yafike ukingoni, kisha aachwe ayalambe mwenyewe. Asimiminiwe.

Babu wa Uyui

Sisi wa Tabora tumelambishwa asali tangu siku ya kwanza na tuko hai. Wataalamu mnatutisha.

Afisa Lishe Mstaafu

Shikamoo Babu. Ugonjwa huo ni nadra, nakubali, ila ukimpata mchanga unaweza kumzuia kupumua, na yeye hapotezi chochote akiikosa asali mpaka atimize mwaka. Baada ya hapo mlambishe.

Mama Pacha

Naongezea upande wa waajiriwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja kama mimi, na inamtaka mwajiri amruhusu mama kunyonyesha ndani ya saa za kazi kwa muda usiozidi saa mbili kwa siku. Mwajiri wangu aliichukulia ruhusa hiyo kama hisani mpaka kituo kilipomwandikia barua, ndipo nikaanza kutoka mchana kwenda kunyonyesha. Kwa wa sokoni barua haina kazi. Wao wanahitaji mlango wa kituo uwe wazi wakati wowote na pawepo kiti cha kunyonyeshea.

Mwana Ujiji

Kwa waliovuka miezi sita, pimeni uji kwa kijiko: ukiinamisha kijiko ukamwagika kama chai, haufai. Wa miezi 6 hadi 8 hula mara 2 hadi 3 kwa siku, na wa miezi 9 hadi 23 mara 3 hadi 4 pamoja na asusa, huku wakiendelea kunyonya. Huku Kigoma tunasaga dagaa wakavu tukaunga kwa mawese kidogo. Kwenu kuna viazi vitamu, maharage na majani ya kunde, vyote vinapondeka. Sipendi kabisa huu unga wa lishe wa nafaka kumi unaouzwa mitaani: nafaka moja na jamii ya kunde vinatosha, na karanga yoyote iliyoota ukungu itupwe kwa hofu ya sumukuvu. Karanga nzima msiwape, zinapalia.

Mlezi wa Isevya

Nawashukuru. Jokofu tunalo, na barua kwa waajiri nitaanza kuziandika wiki hii. Je, mama ambaye hajawahi kukamua atajifunzia wapi?

Mama Pacha

Muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto humwonyesha bila malipo. Ila mwiteni mama mwenyewe kituoni siku chache kabla likizo haijaisha, akamue hapo hapo na mlezi amnyweshe mtoto kwa kikombe mama akitazama. Mimi nilipoona wanangu wanamaliza kikombe, sikubeba tena uji.