Wenza wa mieleka wanaogeukana: uhasama wao tuupange vipi? Tupo Tanga

Chipukizi wa Ngamiani

Wakuu salaam. Tunaandaa mieleka ya maonyesho hapa Tanga mjini, ile ya kupangwa kama ya kwenye televisheni. Tuna vijana wawili waliocheza kama timu moja mwaka mzima, na watu wa Ngamiani na Makorora wameshawazoea na kuwapenda. Sasa tunataka wageukane. Tuna maonyesho manne viwanja vya Tangamano, kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Naomba mnisaidie: nani kati yao awe msaliti, usaliti wenyewe utokee lini, na pambano la mmoja kwa mmoja limalizike vipi? Pia ulingo tunao wa kuazima wa ngumi. Unafaa?

---

Kona ya Buluu

Mkuu, kabla hujachagua msaliti, jiulize watu wamezoea kuona nini kwa hao wawili. Mieleka ya wawili kwa wawili roho yake ni mkono: aliye ulingoni lazima amguse mkono mwenzake wa kona ndipo huyo aingie badala yake. Mmoja anapigwa dakika tano, sita, anatambaa kuelekea kona, mwenzake kashika kikamba cha kona amenyoosha mkono, uwanja mzima unapiga makofi kwa mwendo mmoja. Mkono ukiguswa, uwanja unalipuka. Kama vijana wako wamefanya hivyo mwaka mzima, basi mkono ule ndio mtaji wako. Usaliti utokee hapo hapo, mkononi, wala si nyuma ya jukwaa au kwenye maneno ya mshereheshaji.

Mfano mzuri ni Bret Hart na mdogo wake Owen, wanamieleka wa kampuni kubwa ya Marekani inayoitwa WWE leo. Januari 22, 1994, kwenye onyesho la Royal Rumble, walikuwa wanawania mikanda ya ubingwa wa timu dhidi ya wawili walioitwa The Quebecers. Bret akaumia goti, akaendelea kucheza badala ya kumgusa Owen, mwamuzi akasimamisha pambano, wakashindwa. Owen akampiga teke mguu ule ule ulioumia. Hapo Owen ana hoja: "Nilikuwepo, mkono wangu ulikuwepo, hukunipa." Adui asiye na hoja anazomewa siku moja tu, ya pili watu wanamchoka. Mwenye hoja anawagawa watu mpaka mabarazani, na wanarudi tena kulipa kiingilio.

Angalia pia Hulk Hogan na Randy Savage, nao walikuwa timu. Februari 3, 1989 walipambana na timu ya Twin Towers. Savage alirushwa nje ya ulingo akamwangukia meneja wao Elizabeth, Hogan akamnyanyua na kumpeleka nyuma, Savage akaachwa peke yake akipigwa. Hogan aliporudi na kutaka mkono, Savage alimzaba kofi akaondoka zake. Ona mpangilio: aliyeachwa kwanza ni Savage. Shabiki wa Savage alikuwa na cha kusema. Miezi miwili baadaye, Aprili 2, onyesho lao kubwa la mwaka, WrestleMania ya tano, lilijengwa juu ya kofi lile.

Kwa maonyesho yako manne ningefanya hivi. La kwanza washinde, lakini weka dosari moja tu: mmoja aguse mkono kwa kuchelewa, au wagongane bahati mbaya halafu wasaidiane kuinuka. Moja inatosha. Ukiweka tatu, watu wanajua kinachokuja na la pili halitawashtua.

La pili ndilo la usaliti. Stelingi ateswe muda mrefu kuliko kawaida. Mara ya kwanza anakaribia kona, anavutwa mguu. Mara ya pili wanagusana kabisa lakini refa kageuka, hajaona, anakataa. Mara ya tatu njia ni nyeupe, vidole vimebakiza kama shubiri moja, na mwenzake anaurudisha mkono wake kifuani. Taratibu. Asifanye chochote kingine kwa sekunde tatu au nne. Wengi wanaharibu hapa: wanarudisha mkono na kupiga teke papo hapo, macho ya watu yanafuata teke, mkono unasahaulika. Ashuke chini kwenye ukingo, atembee kwenda zake, stelingi abanwe mabega, refa ahesabu moja, mbili, tatu. Kipigo aje kukitoa baada ya kengele.

Msaliti awe yule mwenye maneno. Anayejua kuteseka na kuamsha huruma abaki stelingi, maana kipaji hicho hakifundishiki kwa mwezi mmoja.

---

Fundi Ulingo

Nijibu la ulingo. Wa ngumi usiutumie kama ulivyo. Sakafu yake imekazwa isicheze, bondia anataka kusimama imara, ila mcheza mieleka anataka mbao zinepe kidogo anapoanguka ili kishindo kiishie kwenye mbao kisibaki mgongoni. Pia ngumi ina kamba nne na zimefungwa pamoja kwa vitambaa vya kusimama. Mtu akikimbilia kamba hizo zinamrudisha vibaya. Mieleka ni kamba tatu, kila moja huru.

Ulingo wa WWE ni futi 20 kwa 20, kidogo zaidi ya mita 6. Nyie fanyeni mita 5 kwa 5. Fremu ya chuma, boriti za kukatiza, juu yake mbao au plaiwudi ya milimita 18 isiyopigiliwa misumari mingi katikati, halafu sponji ngumu ya sentimita 2.5, kisha turubai lililovutwa mpaka halina kunjo. Msiongeze sponji mkidhani mnaongeza usalama. Sponji nene inameza mguu, mtu akigeuka ghafla mwili unazunguka na unyayo umebaki, goti linaondoka.

Kamba: WWE wanatumia kamba halisi iliyozungushiwa tepu, wengine waya wa chuma ndani ya mpira. Tanga mkonge tunao, na kamba ya mkonge yenye unene wa milimita 25 inafaa sana kwa sababu haivutiki hovyo. Hesabu: pande nne mara mita 5 mara kamba tatu ni mita 60. Nunueni 70 kwa ajili ya mafundo ya kona. Lakini mkonge mtupu unachuna ngozi, mgongo utatoka damu pambano la kwanza tu. Zungusheni vipande vya shuka kuukuu kwanza, vikibana, kisha tepu juu yake, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia.

Kitu kimoja watu hawakijui: mkonge ukilowa unavimba na kufupika, ukikauka unalegea. Kwa unyevu wa bahari, kamba uliyoikaza asubuhi siyo utakayoikuta jioni. Kazeni upya saa moja kabla ya kuanza, na mtu mzito ajaribu kuegemea pande zote nne. Vyuma vya kukazia kamba kwenye kona vifungiwe waya visijifungue, na vifunikwe na mito.

Na anayekimbilia kamba ageuke, apige kwa mgongo huku mkono umeshika kamba ya juu. Kamba ikikatika, mkono ndio utakaomzuia asitoke nje kichwa chini.

---

Bint Chumbageni

Kona ya Buluu kaeleza vizuri, ila kasahau macho. Tanga watu wamelelewa na taarabu. Fumbo linawaingia kuliko tusi. Kwa hiyo wavisheni hao vijana doti moja ya khanga: mmoja kipande hiki, mwenzake kipande cha pili, wamefunga mabegani wanapoingia. Jina liwe linalosomeka kutoka mbali, mfano "Wawili wakipendana adui hana nafasi". Khanga zinauzwa mbili mbili, kila mwanamke pale uwanjani anajua kipande kimoja kimekusudiwa nini. Onyesho la pili, msaliti akishuka ulingoni, akivue kipande chake akiache juu ya kamba ya juu. Asikirushe wala asikichane. Akiweke tu. Halafu la tatu aje na khanga nyingine yenye kijembe, stelingi aje na kile kile cha zamani.

Kuhusu nani ashinde la tatu, mimi nasema adui. Ashinde kwa haki au kwa kuotea kidogo, lakini ashinde. Bret na Owen walipokutana Machi 20, 1994 kwenye WrestleMania ya kumi, pambano la kwanza la usiku ule, Owen alimshinda kaka yake. Usiku ule ule Bret akamshinda Yokozuna akawa bingwa. Kwa hiyo bingwa wa dunia anashangilia huku watu wote wanakumbuka kuna mtu mmoja aliyembana mabega saa chache zilizopita. Ndiyo iliyowafikisha kwenye pambano la ndani ya kizimba Agosti mwaka huo. Kama Bret angeshinda siku ile, hadithi ingeishia hapo.

---

Kona ya Buluu

Dada, la khanga nimelipokea kwa mikono miwili, ni zuri kuliko lolote nililoandika. La ushindi tutofautiane kidogo. Johnny Gargano na Tommaso Ciampa, nao wa WWE na waliokuwa timu, walipocheza Aprili 7, 2018, aliyesalitiwa, Gargano, ndiye aliyeshinda la kwanza. Ciampa akaja kuchukua la pili na la tatu. Ilifaa kwa sababu watu walikuwa wamesubiri tangu usaliti wa Mei 2017. Ciampa alikaa nje kwa jeraha la goti, akarudi Januari 2018. Kiu ile ilihitaji maji kwanza. Hapa kwetu kuna mwezi mmoja tu kati ya la pili na la tatu, kiu haijakomaa, kwa hiyo kwa hali hii nakubaliana nawe adui ashinde. Ila asishinde kwa kudhulumu mno. Akidhulumu mno, watu wanasema refa ndiye tatizo, hasira inamhama.

---

Refa wa Pembeni

Nimeona hakuna aliyegusa usalama wa wachezaji zaidi ya kamba.

Kuanguka chali: kidevu kifuani, macho yaangalie kiuno chake mwenyewe, apumue nje anapotua, mgongo wa juu utue bapa, mikono ikifunguka pembeni kama nyuzi 45 na viganja vikipiga sakafu. Waanze kwa kuchuchumaa, wasimame baadaye. Kosa la kila anayeanza ni kupeleka mkono nyuma ili ajizuie. Kiwiko au kifundo kinavunjika kwa sababu uzito wote unaishia kwenye mfupa mmoja. Asiyeweza kuanguka mara ishirini mfululizo bila kichwa kugusa, asipande.

Viti. Najua mtataka kiti, uhasama wa namna hii huwa unaita kiti. Kichwani marufuku. WWE wenyewe walipiga marufuku kiti cha kichwa mwaka 2010. Kiwe cha chuma cha kukunja, kipigwe bapa la kukalia, mgongoni, kati ya mabega na kiuno, na anayepigwa awe anajua. Viti vya plastiki vya kukodi msiviguse: vikipasuka vinatoa ncha kali kama kisu. Na vioo sahauni kabisa. Najua mtu atakumbuka Shawn Michaels alivyomrusha mwenzake wa timu, Marty Jannetty, dirishani mwaka 1992, lakini pale cha kujifunza ni kwamba walikumbatiana kwanza, watu wakapumua, ndipo teke likaja. Hilo mnaweza kuliiga bila kioo.

Refa ndiye anayepeleka maneno kati ya wachezaji na kuwaambia muda uliobaki. Mtu akiumia kweli, refa anakunja mikono juu ya kichwa mithili ya herufi X. Alama hiyo isitumike kamwe kwa maigizo, hata mara moja, maana siku ya kweli daktari hatatoka kitini.

Uzio wa watazamaji uwe mita 2 au zaidi kutoka ukingo wa ulingo. Usiku wa usaliti soda ziuzwe kwenye vikombe, chupa zisiingie. Msipouona umuhimu wake onyesho la kwanza, mtauona la pili.

---

Chipukizi wa Ngamiani

Ahsanteni sana wakuu, na dada wa Chumbageni. Khanga tunafanya. Bado mawili: anayefaa kuwa msaliti ana kilo 95, stelingi ana 70. Stelingi atamnyanyuaje mwenzake? Na la nne limalizike vipi?

---

Refa wa Pembeni

Asimnyanyue, au mara moja tu. Anayenyanyuliwa ndiye anayeruka, anayenyanyua anaongoza tu mwelekeo. Kijana wa kilo 95 akiruka vizuri, wa 70 atamweka begani, lakini pumzi zikiisha dakika ya kumi na mbili haruki tena, na hapo ndipo migongo inapoumia. Kama mnataka tukio hilo, liwekwe kabla ya dakika ya nane. Kinyume chake ni rahisi na watu watakiamini zaidi: mkubwa ananyanyua, mdogo anateseka.

---

Kona ya Buluu

La nne, tumia kwamba wanajuana. Kila pigo la mmoja, mwenzake alikwepe kwa sababu alikuwa kona ileile akiliona mwaka mzima. Dakika mbili za kwanza asipatikane wa kupigwa. Pigo walilokuwa wakimalizia kama timu, kila mmoja ajaribu peke yake na lishindikane, kwa kuwa lilihitaji watu wawili.

Mwisho: adui kachoka, yuko magotini kwenye kona yao ya zamani, ananyoosha mkono. Stelingi ausogelee. Watu watapiga kelele "usimpe!" na wengine "mpe!", waacheni wapige, hesabuni mpaka kumi moyoni. Stelingi anyooshe wake, vidole vikibakiza shubiri, aurudishe kifuani taratibu kama alivyofanyiwa. Kisha ampige pigo lake mwenyewe ambalo hajawahi kulitumia walipokuwa timu, mfundisheni jipya kuanzia leo. Moja, mbili, tatu. Baada ya hapo achukue kile kipande cha khanga cha pili, ambacho mtu wa kona awe amekitunza tangu onyesho la pili, akiweke juu ya mwenzake aliyelala. Muziki, taa zizimwe. Msiwapatanishe usiku huo, hata watu wakiomba.