Polisi wanataka mafaili yote ya wateja wa saiba yangu, nifanyeje?

Saiba_MwembeTayari:
Asalaam aleikum jamaa. Nahitaji ushauri wa haraka.

Naendesha saiba, duka la intaneti, hapa Mwembe Tayari, Mombasa. Kazi ni zile mnazozijua: kodi za KRA, huduma za serikali za eCitizen, paspoti, fomu za shule. Kwenye kompyuta ya kaunta kuna folda ya skani za vitambulisho, nyingi za wazee wasiokuwa na simu ya kuhifadhia chochote. Kuna na daftari la paswadi, maana mteja akirudi mwezi wa sita kujaza ritani ya kodi huwa keshaisahau yake.

Jana alasiri waliingia wanaume wawili waliovaa kiraia. Mmoja alitoa kadi, akairudisha mfukoni kabla sijaisoma. Walisema kuna kijana aliyemtumia mtu vitisho akitumia mashine yangu namba 4. Kama ni kweli, ashikwe. Lakini hawakuitaka mashine hiyo tu, walitaka folda nzima na daftari. Nilipouliza karatasi ya korti, wakaniambia sheria ya mtandao haihitaji karatasi, na nikikataa nitashtakiwa kwa kuzuia uchunguzi. Watarudi Jumatatu. Nina watoto, sitaki kesi. Lakini zile ni siri za watu walioniamini.

Kijana_Kongowea:
Kaka, futa folda leo usiku na daftari ulichome. Wakija Jumatatu hawana cha kubeba.

BintiMvita:
La, usifute kitu! Kuharibu ushahidi ni kosa la jinai, na hapo utakuwa umewapa kesi wasiyokuwa nayo. Acha kila kitu kilivyo, na ile namba 4 usimkalishe mteja.

Mimi ni karani katika ofisi ya wakili, haya mambo nayaona kila wiki. Ulivyoambiwa sivyo. Sheria ya Kenya ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018, kifungu cha 48, inasema afisa anayeamini kwa sababu za msingi kwamba kuna data anayoihitaji kwa uchunguzi aombe waranti kortini, yaani ile karatasi uliyowauliza. Kifungu cha 49 kinamtaka aorodheshe alivyochukua, aandike tarehe na saa, na akuachie nakala ya orodha.

Kumzuia afisa anayefanya kazi yake kihalali ni kosa, hilo ni kweli. Lakini sheria hiyo hiyo imefanya kosa pia afisa kuyatumia vibaya mamlaka hayo. Kumwomba mtu waranti kwa adabu si kumzuia.

Watakwambia polisi wanaweza kupekua bila waranti. Wanaweza, pale ambapo kuchelewa kutaharibu uchunguzi. Sasa mtu aliyekwambia atarudi Jumatatu, haraka yake iko wapi? Muda wa kwenda kortini anao.

Mama_Likoni:
Mwanangu, usitoe! Mimi ni mteja wa saiba kama yako, ng'ambo huku. Kitambulisho changu kimeskaniwa huko sijui mara ngapi. Kikifika mkono mbaya, kesho kuna laini ya simu imesajiliwa kwa jina langu na mkopo juu yake. Mimi sijamtisha mtu, kwa nini paswadi yangu isafiri kwenye fleshi ya mtu nisiyemjua?

Mzee_Bondeni:
Sheria hii imebishaniwa kortini tangu siku za mwanzo. Mei 2018, chama cha wanablogu, BAKE, kilipeleka kesi na Mahakama Kuu ikasimamisha vifungu 26. Februari 2020 kesi ikatupwa, vifungu vikarudi kazini. Oktoba 2025 yakaja marekebisho, na siku chache baadaye korti ikasimamisha sehemu yake. Wahalifu wa mtandao wapo, wametuibia sana, na serikali ina haki ya kuwafuata. Lakini Kifungu cha 31 cha Katiba kinatulinda tusipekuliwe ovyo, mawasiliano yetu yasiingiliwe, na habari za familia zetu zisidaiwe bila sababu. Ndiyo maana hakimu amewekwa katikati.

Usikae peke yako Jumatatu. Mashirika ya haki za binadamu, MUHURI na HAKI Africa, yote yako hapa Mombasa, yaone mapema. Na afisa akikutisha, chukua jina na namba yake ya kazi upeleke IPOA, mamlaka inayopokea malalamiko dhidi ya polisi.

Fundi_Kisauni:
Nyongeza kwa baadaye, kesi ikishaisha. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakuhusu na wewe, bwana saiba. Data ya mtu haikai kwako zaidi ya muda unaohitajika kwa kazi aliyokuletea. Paspoti ikishatoka, skani ya nini tena? Na hilo daftari lisiendelee: mteja aweke paswadi mpya kwa namba yake mwenyewe, hata ikibidi kila mwaka. Ni usumbufu, najua, foleni ya Juni naijua. Lakini usichokuwa nacho hakuna atakayekudai.

Saiba_MwembeTayari:
Shukrani sana, nimepata nguvu. Kesho naenda MUHURI. BintiMvita, dada yangu, wakija na waranti kweli, niangalie nini?

BintiMvita:
Isome yote kabla hawajagusa kitu, usiharakishwe. Jina la korti, muhuri, sahihi ya hakimu, tarehe, mahali pa kupekua, halafu vitu vilivyotajwa. Ikitaja mashine namba 4, wape namba 4, chukua orodha yako. Daftari na folda kama havimo, mwambie hivyo mbele ya shahidi na umpigie wakili hapo hapo. Wakivichukua kwa nguvu usishikane nao, andika tu kila kitu na saa yake.