Sauti ya kwenye bodi au ninunue saundi kadi? Nipo Kigoma, narekodi kwaya na matangazo

Buzebazeba
Wakuu habari za jioni. Nipo Kigoma mjini, nna desktopu ya i5 kizazi cha nne, RAM giga 8, sauti ni ileile iliyokuja na madabodi. Kazi zangu ni mbili, narekodi kwaya ya mtaani kwetu (siwarekodi wote kwa mpigo, naanza na soprano halafu wengine wanafuata mmoja mmoja) na matangazo ya maduka ya Mwanga yale yanayopigwa kwenye gari la spika. Maiki ni BM-800, naichomeka tundu la pinki la mbele.

Tatizo ni kelele. Kuna mvumo wa mmmm muda wote, na juu yake kuna kitu kama nzi, nikisogeza mausi kinalia zziii, nikiacha kinatulia, nikifungua folda kinalia tena. Jana nimerekodi mama mmoja wa alto ana sauti nzuri mno, akanyamaza kuvuta pumzi kati ya ubeti na kiitikio, na kwenye kile kimya ukasikia mausi yangu. Iliniuma maana mama wa watu katembea kwa miguu kutoka Gungu.

Duka moja hapa wameniambia sauti ya bodi imechoka, ninunue saundi kadi ya PCIe ya kuchomeka ndani. Jamaa mwingine ananiambia nitafute ya USB. Hela ni ya kununua mara moja tu, kwa hiyo nataka nisikosee. Kipi bora?

FundiIsevya
Mwangaluka mkuu, nipo Tabora, natengeneza kompyuta. Usinunue chochote kwanza. Angalia kwenye draiva chipu yako ya sauti ni ipi, bodi za umri huo nyingi nnazofungua zina ALC887 au ALC662. Kama ni 887, kwenye karatasi yake kutoa sauti ni dB 97 na kuingiza ni dB 90 (hizo dB ni umbali kati ya sauti na kelele, zikiwa nyingi ndo safi). Sidii ya kawaida ya biti 16 inafika kama dB 96, kwa hiyo uone chipu yenyewe sio takataka kama watu wanavyoisema. Kelele ya chipu peke yake ingekuwa chini sana, huwezi kuisikia ikilia kama nzi. Hiyo inayofuata mausi imeingia njiani.

Fungua kesi utaona mwenyewe. Kwenye yale matundu ya mbele kuna waya mwembamba, unashuka unapita karibu na saplai ya umeme, unapita chini ya kadi ya video kama unayo, unaenda kuchomekwa kwenye pini za pembeni kabisa ya bodi, zimeandikwa F_AUDIO, au AAFP kama bodi ni ya Asus. Mara nyingi waya huo hauna kinga ya maana, na ishara ya maiki ni ndogo mno, kwa hiyo ukiusogeza karibu na mambo ya umeme unabeba kila kitu kinachotokea humo ndani. Prosesa ikishtuka kidogo kwa sababu umegusa mausi, umeme wa bodi nao unayumba, maiki inasikia.

Fanya hivi leo. Hamisha maiki tundu la pinki la nyuma urekodi dakika moja ya kimya. Halafu rekodi kimya hicho hicho kwa laptop yoyote ikiwa kwenye betri, chaja umechomoa. Halafu niambie ekstensheni yako ina pini ya tatu kweli na ukutani kuna ethi, maana ule mvumo wa mmmm ni umeme wetu wa 50 Hz unaoimba.

Na ile buusti ya maiki, ile ya kwenye Windows inayokuza sauti ya maiki, umeiweka ngapi? Kama ipo +30 punguza, hiyo inapandisha sauti ya mama na nzi wake kwa pamoja.

Kibirizi_Gemu
Fundi nakuheshimu ila mimi nimeona tofauti kwa masikio yangu. Nna Sound Blaster Audigy Fx, ile ndogo ya PCIe x1, dB 106, na ina ampu ya hedifoni inayoweza kusukuma mpaka omu 600 (omu ni ukinzani, zikiwa nyingi hedifoni inataka nguvu zaidi). Hedifoni zangu ni za omu 250, kwenye bodi nilikuwa naweka sauti 100 na bado nasikia kama mtu anaongea ng'ambo ya ziwa, nilipoweka kadi naweka 40 inatosha na besi imekuja. Kwenye gemu nasikia hatua za adui zinatokea wapi. Kwa hiyo msiseme saundi kadi haina kazi.

FundiIsevya
Sijasema haina kazi mdogo wangu, kwa hedifoni za omu 250 umefanya sahihi kabisa, matundu mengi ya bodi hayana nguvu hiyo. Mwenye hedifoni za omu 32 hizi za kawaida tofauti ataitafuta kwa tochi.

Ila watu wajue hii imani ya saundi kadi imetoka wapi. Zamani PC ilikuwa inatoa biip tu, Sound Blaster ya Creative wa Singapore ilivyoingia 1989 ndo muziki na sauti za watu kwenye gemu zikaenea, bila kadi ulikuwa huna kitu. 1997 Intel wakaleta AC'97, sauti ikaanza kuhamia kwenye bodi, na kweli zile za mwanzo zilikuwa na kelele, sisi wa zamani tunazikumbuka. 2004 ikaja HD Audio, hiyo ndo ipo kwenye bodi ya huyu ndugu. Halafu Windows Vista ya 2007 ikakata ile njia ambayo gemu zilikuwa zinaipa kadi kazi ya kukokotoa sauti ya pande zote, toka hapo prosesa ndo inafanya. Bodi za gharama zenye ALC1220 zinaandikwa dB 120 kwenye kutoa. Kwa hiyo ushauri wa "weka kadi" ulikuwa wa kweli kabisa wakati wake, ila wengi wanaurudia mpaka leo bila kuuliza mtu anafanyia nini.

Huyu anarekodi. Kadi ya PCIe inakaa humo humo ndani ya kesi, inakula saplai ile ile, na tundu lake la maiki ni lile lile la 3.5 linalotoa volti chache. BM-800 ni kondensa, inataka volti 48. Kwenye tundu la kompyuta inaitikia, lakini kinyonge, ndo maana unalazimika kupandisha buusti.

Mwl_Kitete
Habari zenu. Mimi ni mwalimu hapa Tabora, narekodi masomo ya kusikiliza. Nilinunua kale kasaundi kadi ka USB kama flashi, elfu kumi na tano, kwa kuongea tu kananitosha na mlio wa mausi uliisha siku hiyo hiyo kwa sababu kametoka nje ya kesi. Ila mwanafunzi wangu alipoimba sauti ilikuja nyembamba na mwisho wa kila neno kulikuwa na shhhh. Kwa matangazo ya gari la spika kaka utapona nako. Kwa kwaya sikushauri.

Sauti_ya_Ujiji
Ndugu Buzebazeba tupo mji mmoja, mimi narekodi kwaya na kaswida mwaka wa sita huu. Waliotangulia wamesema vizuri, mimi niongeze cha kununua. Achana na kadi ya ndani, tafuta intafesi ya USB, yaani boksi la nje la kurekodia, yenye tundu la XLR (lile la mviringo la pini tatu) na 48V. Behringer UM2 ndo ya kuanzia, ukiwa na hela zaidi Focusrite Scarlett Solo. UM2 inaishia 48 kHz, yaani inapima sauti mara elfu 48 kwa sekunde, kwa kwaya inatosha wala usihangaike na 192.

Na sikiliza hili maana wengi wanakosea hapa. BM-800 imekuja na waya una XLR upande mmoja na jeki ya 3.5 upande wa pili. Huo uweke pembeni. Nunua waya wa XLR kwa XLR. Ndani yake ishara inapita kwenye waya mbili, moja imegeuzwa, kelele ikiingia inaingia zote sawa, na kule mwisho intafesi inachukua tofauti kati ya mbili hizo kwa hiyo kelele inafutika na sauti inabaki. Mimi natumia waya wa mita kumi, maiki ipo chumba cha pili na mwimbaji, kompyuta na feni yake ipo huku kwangu, hakuna mvumo.

Faida nyingine ni kuchelewa. Sasa hivi mwimbaji wako akijisikiliza kwenye hedifoni sauti si inamrudia kwa nyuma kidogo?

Buzebazeba
Inarudi nyuma ndio! Wanatoa hedifoni sikio moja wanasema inawachanganya, nilidhani ni kompyuta nzito.

Sauti_ya_Ujiji
Sio nzito. Sauti inaingia kwenye draiva, inakaa foleni, inatoka. Kwenye intafesi kuna kitufe cha kujisikiliza moja kwa moja, sauti inageukia humo humo kwenye boksi kabla ya kufika kwenye kompyuta. Soprano wako atashika tyuni mwenyewe bila kugombezwa.

Buzebazeba
Wakuu nimerudi na majibu. Chipu ni ALC887 kama fundi alivyosema. Nimehamisha maiki nyuma, nzi kapungua sana, nikisogeza mausi lazima nibane hedifoni kwa mikono ndo namsikia. Ekstensheni nimeifungua, pini ya tatu ipo kwa nje lakini ndani haijaungwa na kitu chochote, ni shimo tu! Nimechukua ya jirani ambayo ni nzima, mmmm imeshuka ikabaki kwa mbali. Laptop ya shemeji kwenye betri haina mvumo kabisa, ila ina shhhh. Na buusti nikiishusha +10 kelele inapungua lakini mama anasikika kama yuko Kibirizi.

Kwa hiyo bodi haikuwa imechoka. Nilikuwa nakaribia kulipia kadi ya ndani kwa ajili ya waya wa mbele na ekstensheni.

FundiIsevya
Safi sana, hiyo ekstensheni itupe, usimgawie mtu. Hiyo shhhh iliyobaki ni ya buusti na volti ndogo, hapo sasa Ujiji kakujibu. Sauti ya bodi iache iendeshe spika zako za kusikilizia, ipo sawa.

Kibirizi_Gemu
Na mimi leo nimejifunza, nilikuwa nawaambia watu wote waweke kadi. Swali tu, akiweka intafesi hedifoni anachomeka wapi?

Sauti_ya_Ujiji
Kwenye intafesi hiyo hiyo, ina tundu lake. Kwenye Windows aichague iwe ya kuingiza na ya kutoa wakati wa kazi, na aweke 48 kHz kwenye Windows na kwenye programu ya kurekodia, zikipishana moja ipo 44.1 utasikia mikwaruzo utadhani kifaa kibovu.

Buzebazeba usiagize Dar kwanza. Njoo kwangu Jumamosi na maiki yako, ujaribu boksi langu na waya wa XLR, ukiridhika ndo uagize. Ila uje asubuhi, siku hizi mvua inapiga mchana na hapa juu ni bati, ikianza hakuna intafesi itakayotusaidia.

Buzebazeba
Asante sana kaka. Nakuja saa tatu. Nitapita Gungu nije na yule mama.